Ujiani Hakuwekwi Kiti

Kila Jumapili asubuhi Delphine Gaskins, mhudumu wa mlangoni, alivaa glovu zake nyeupe, akatoka nje ya kanisa na kupanga koni za barabarani kwenye njia ya baiskeli. Kisha alinyoosha mkono, kama wahudumu wanavyofundishwa, na magari ya waumini yakaingia moja baada ya jingine, yakaegeshwa humo. Mtaa wote pale Philadelphia ulilijua hilo, tangu enzi za mchungaji wa zamani.

Sasa jiji lilitaka kupiga vigingi kando ya njia ile ili gari lolote lisiingie. Shemasi Harlan alisema kanisa lipinge. Delphine alikubaliana naye kwa sababu moja tu, nayo ni Mama Odessa Pettiford, ajuza mwenye magoti mabovu.

"Gari lisiponifikisha mlangoni," Mama Odessa alikuwa amemwambia, "mtaniona tena siku ya jeneza."

Delphine aliliombea jambo hilo wiki nzima. Hakupata jibu.

Jumapili ya Matawi, magari yakiwa yamejaa, binti mmoja mwenye sare ya wauguzi alikuja na baiskeli. Njia ilikuwa imezibwa, ikambidi aingie barabarani. Basi lililokuwa nyuma yake lilipiga honi, likampita karibu mno hadi sare ikapepea. Binti akasimama, mguu mmoja ukingoni mwa barabara.

"Pole, mwanangu," alisema Delphine. "Umeumia?"

"Sijaumia." Alivuta pumzi. "Ila nikwambie, mama. Mimi si mtu wa kanisa. Lakini kila Jumapili nikifika hapa kwenu, naanza kusali."

Shemasi Harlan, aliyekuwa akifunga gari lake, akacheka. "Basi tumeokoa roho!"

Binti hakucheka. Delphine naye hakucheka.

Ndani kanisa lilifurika. Katikati ya wimbo Harlan alinyata na kiti cha kukunja, akakifungua kwenye ujia kati ya safu za viti. Delphine akainua kiganja.

"Kiondoe, Shemasi."

"Dada Delphine, ni cha shemeji yangu tu. Hata ibada inakaribia kwisha."

"Hata ingekuwa amina ya mwisho. Ujiani hakuwekwi kiti. Mtu akizimia nimpitishe wapi, juu ya kichwa chako?"

Mama mmoja alificha kicheko nyuma ya upepeo wake. Harlan akakunja kiti, akaondoka. Lakini Delphine alibaki na kiganja juu. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia pale aliziona koni zake.

Mahubiri hakuyasikia vizuri. *Bwana, nimeona,* aliomba. *Sasa Mama Odessa nimfanyeje?*

Baada ya ibada alikaa karibu na ajuza, akamweleza yote. Mama Odessa alikuwa akimenya pipi ya mnanaa.

"Kwa hiyo unanifukuza kanisani."

"La, Mama. Mjukuu wako akushushe pale kwenye kona, penye duka la maua. Toka hapo tutatembea mimi na wewe."

"Na mvua?"

"Nina mwavuli."

"Nikichoka?"

"Tutasimama."

"Watu watatukodolea macho."

"Kwani kofia hizo unanunua ili wasitazame?"

Mama Odessa alicheka hadi pipi ikataka kumpalia.

Siku ya Pasaka koni zilibaki stoo. Gari la Harlan lilipokuja, Delphine aliinua kiganja. Shemasi akashusha kioo.

"Hata Pasaka, Dada?"

"Hasa Pasaka. Mwalimu mkuu ametufungulia uwanja wa shule, kaegeshe huko."

"Ni mbali!"

"Bwana wako alibeba msalaba. Wewe umebeba Biblia tu."

"Na hao wa vigingi?"

"Waje. Nitawatolea limonadi."

Harlan alienda akinung'unika.

Pale kwenye kona Mama Odessa alishuka na kofia ya zambarau pana kama sinia, akaushika mkono wa Delphine. Walikwenda kidogo kidogo. Mbele ya duka la kinyozi walisimama apumzike. Ndipo kengele ya baiskeli ilipolia, na yule muuguzi akapita, amenyooka, bila kugeuka nyuma kutazama basi. Aliinua mkono.

"Ndiye huyo?" aliuliza Mama Odessa. "Mbona anakimbia hivyo?"

"Njia nyeupe, Mama."

Ajuza aliitazama baiskeli hadi ikapotea. Kisha akakaza mkono wake kwenye mkono wa Delphine.

"Haya, nivute. Kwaya isianze bila kofia yangu."