Shimo la Mwenyekiti

Asubuhi ya kwenda halmashauri, Gaudensi, mwenyekiti wa kijiji, alivaa koti lake zito kwa ajili ya baridi, akanywa uji wa ulezi, akatoka na kulizunguka shimo lililokuwa mlangoni. Alipitia kushoto kama kawaida, maana kulia kulikuwa na tope la kuteleza.

Lilikuwa shimo la kufyatulia matofali. Alilichimba kule bondeni alipokuwa anajenga nyumba yake, akaahidi mbele ya mkutano kwamba akishapandisha ukuta angelifukia. Ukuta ukapanda, paa likaezekwa, mvua zikaja. Rhoda, binti wa Fransiska, alikwenda kucheza pale kwa kuwa kijijini hapakuwa na mahali pengine pa watoto kuchezea, akazama. Baada ya matanga Gaudensi alilifukia peke yake kwa koleo, huku analia. Kulipokucha lilikuwa limehamia mlangoni kwake, na maji yake, na kandambili moja nyekundu ikielea. Tangu hapo likawa linamfuata. Jumapili lilimsubiri nje ya kanisa, karibu na baiskeli, na majirani waliwakumbusha wageni wasitumbukie.

Shimo alilizoea. Asichokizoea ni Fransiska, ambaye hakuwahi kumlaumu hata kwa jicho. Zamani Gaudensi alimwita Mama Rhoda. Sasa jina hilo lilimkwama kooni, akawa anamwita Fransiska tu, na kila alipomwita hivyo aliona haya. Fransiska ndiye aliyetoa wazo kwamba halmashauri iombwe fedha, pale bondeni pawe bustani ya kumkumbuka mtoto, yenye maua na bembea, watoto wengine wapate pa kuchezea.

"Wewe ndiye unayesikilizwa, mwenyekiti," alimwambia. "Twende ukatusemee."

Walipanda bodaboda moja, mshikaki, wote wawili nyuma ya dereva. Shimo liliwafuata nyuma kwa mwendo wa wastani, likishika upande wake wa barabara.

Mlinzi wa getini alilitazama. "Hili la nani?"

"La kwangu," alisema Gaudensi.

"Basi liweke kule kivulini, mzee. Hapa anaegesha mkurugenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza Gaudensi kutamka mbele ya Fransiska kwamba shimo ni lake. Alisubiri amwambie lolote, hata tusi. Fransiska alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kitenge.

Afisa maendeleo ya jamii, dada mpole mwenye mafua, aliwapa pole ya msiba na kuwasikiliza hadi mwisho. Alisema wazo ni zuri na fedha inaweza kupatikana, ila utaratibu ni nguvu za wananchi kwanza. Kijiji kijenge ukuta wa kuzunguka bustani, ndipo halmashauri ilete bembea.

"Bila ukuta, mbuzi watamaliza maua," alisema. "Fyatueni matofali ya kuchoma. Udongo si mnao?"

Gaudensi alichungulia dirishani. Shimo lilikuwa limetulia kivulini, upepo ukiisukumasukuma kandambili. Alijua anachopaswa kusema: kwamba matofali yanataka shimo jingine.

"Tunao," alisema.

Walipofika nje alijikaza. "Mama Rhoda," alisema, na jina likatoka zima. Fransiska alisimama na kumgeukia. Maneno ya kuomba msamaha yalikuwa tayari mdomoni, akayameza.

"Jumatatu tuanze kuchimba," alisema.

Fransiska alikaza kitenge kiunoni. "Na hilo jipya mtalifukia lini?"

"Tukishapandisha ukuta."

Fransiska alipanda pikipiki, akamwachia nafasi nyuma yake.

Jumatatu wanakijiji waliteremka na majembe. Shimo la zamani lilikuwa limetangulia bondeni. Gaudensi alipoinua jembe la kwanza, lilisogea kando kidogo, likaliachia lile jipya nafasi.