Filimbi ya Kiden

Teresina hakumwamini Kiden tangu siku ya kwanza. Mtu aliyerudi kutoka Uganda mwaka jana tu, anakusanyaje vijana wa mtaa wa Malakia, hapa Juba, katika ukumbi wa kanisa kila Jumamosi, bila kulipwa na yeyote? Tena anauliza sana. Unakaa wapi? Na nani? Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mtaani maswali ya namna hiyo bado yaliwafanya watu washushe sauti.

"Ni klabu ya vijana tu," alisema Helen, mdogo wake. "Tunajifunza kuendesha mkutano. Leo tunapanga kuchimba mfereji kule sokoni Konyo Konyo, kabla mvua haijaanza."

"Na umemwambia tunakaa wapi?"

Helen akainama kufunga kiatu.

"Ya Helen! Umemwambia?"

"Alitaka kujua nyumba zenye majembe."

"Hata kwa Fortunato walianza kwa kuuliza."

Fortunato alikuwa kaka yao. Alichukuliwa na askari wakati wa vita, hakuonekana tena. Teresina alibaki na Helen peke yake, na Jumamosi hiyo alimfuata klabuni kwa nia moja: kumtoa.

Ukumbini vijana walikaa pande mbili. Karibu na madirisha walikuwa wale waliokulia katika kambi za wakimbizi Uganda, wakitaniana kwa Kiswahili. Karibu na mlango walikuwa wale ambao hawakuondoka Juba wakati wote wa vita, na Kiarabu chao. Kiden alisimama katikati, mwembamba, akiomba utulivu bila kusikika. Mwisho akashika filimbi iliyoning'inia shingoni, akapuliza.

Teresina alijikuta chini ya benchi, amefunika kichwa cha Helen kwa mikono yake. Upande wote wa mlango ulikuwa sakafuni. Alipoinua macho aliona jambo asilolielewa: wale wa Uganda walikuwa wamesimama kwenye foleni iliyonyooka, viganja mbele, kama watu walioshika bakuli.

Soro, aliyekuwa mbele ya foleni, alicheka. "Eh! Nyinyi iko lala chini kwa nini?"

"Na wewe umenyoosha mikono ya nini?" Teresina alimjibu kwa Kiarabu, ambacho wote walikielewa.

Soro akaitazama mikono yake. Kicheko kikamwisha. "Kambini filimbi ilikuwa chakula," alisema. "Ukichelewa, unalala njaa."

"Hapa ilikuwa msako. Walizingira mtaa, wakapuliza. Ndivyo alivyochukuliwa kaka yangu."

Alisema hayo akimkazia macho Kiden, akitafuta usoni mwake dalili kwamba alijua. Kiden alikuwa ameivua filimbi na kuifumbata.

"Kumbe ndiyo maana kila wiki mnapungua," alisema polepole. "Nilidhani hamnipendi."

"Na hatukupendi pia!" mtu alisema kutoka sakafuni. Wachache wakacheka.

Kiden akaketi kwenye benchi la mbele. "Malesh, samahani. Nimewaita bila kujua ninavyowaita. Leo siongozi. Mwenye swali juu yangu aniulize, hapa mbele ya wote."

Mlango ulikuwa wazi, na Teresina alikuwa bado ameshika mkono wa Helen. Wangeweza kuondoka.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna mtu anayefanya kazi ya bure."

"Kambini tulikuwa na klabu kama hii. Kabla yake sikuweza kusema neno mbele ya watu watatu. Huku sikujua mtu. Nilitaka kuwa na watu."

Lilikuwa jibu zuri. Zuri mno, aliwaza Teresina. Lakini Kiden alikuwa bado ameketi pale, akingoja swali jingine. Akauachia mkono wa Helen, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Na hizo nyumba zetu, umemwambia nani mwingine?"

Soro akainua mkono. "Mimi pia ina swali. Mfereji utaanzia wapi?"

"Ngoja zamu yako," Teresina alimwambia bila kugeuka. "Sijamaliza."