Kobe Aliyevaa Uso wa Mama

Kwa watazamaji wangu mimi ni Kobe. Hawajawahi kuniona. Wanachokiona ni kobe wa kuchorwa mwenye miwani, anayecheza michezo ya vita mubashara mtandaoni. Kamera juu ya skrini inachukua uso wangu na kumvika yeye: nikicheka anacheka, nikinuna ananuna.

Shida yangu ilikuwa moja, tena kubwa. Nikiongea, nauawa kabla sijamaliza sentensi. Nikinyamaza, nashinda, lakini Kobe anabaki mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni, na watazamaji wanajiondokea. Kiongozi wa kundi letu la wacheza mubashara alinivumilia miezi minne. Mwishowe akanipa Jumamosi moja, mchana: niingie tatu bora na watu wabaki mpaka mwisho, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Sikumlaumu. Nililia tu, maana kazi hii naipenda kufa.

Jumamosi nilijikaza kisabuni, nikatania dakika tano, kisha mchezo ukapamba moto nikawa bubu. Nikainama karibu kabisa na skrini, na kwa kuinama hivyo nikatoka mbele ya kamera bila kujua.

Mama ni fundi cherehani. Tunashinda chumba kimoja, yeye na vitambaa vyake, mimi na kompyuta yangu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, pini mdomoni, akitazama. Kamera haina adabu. Ilipokosa uso wangu ikachukua wake. Kobe akabana midomo, akapandisha nyusi, akatikisa kichwa kama anayeona pindo limekwenda upande. Mama akatoa pini.

"Huyo anayenyata nyuma yako, ni mwenzako au mbaya wako?"

Nikamgeuza askari wangu, adui chali. Mama akaendelea kuuliza, mimi nikaendelea kupiga. Nilimaliza wa pili, na watazamaji walikuwa wameongezeka maradufu.

Kiongozi akapiga simu palepale, anacheka mpaka anakohoa. Kumbe nina kipaji cha kuigiza sauti ya mtu mzima, akasema, nafasi ni yangu. Ningeweza kukaa kimya. Mama alikuwa amesharudi kwenye cherehani na asingesema neno. Lakini kujitwalia sifa zake huku amenipa kisogo, roho ilikataa.

"Yule si mimi," nikasema. "Ni mama."

Kiongozi akanipa mwezi mmoja niweze mwenyewe kucheza huku naongea.

Hapo ndipo nilipomtazama mama vizuri, baada ya miaka yote ile. Mteja alikuwa akimsimulia visa vya wifi yake, mama anajibu, anachokoza, anacheka, na mshono hauyumbi hata kidogo. Nikamwuliza anawezaje. Akasema aliharibu mashati mengi kabla mikono haijajua kazi bila kumwuliza yeye. Nikahamishia meza yangu kando ya cherehani. Kila asubuhi nilicheza huku nikipiga soga na wateja wake, nikiuawa, wakinicheka, nikianza upya.

Mwezi ulipoisha nilicheza mchezo mzima bila kufunga mdomo, na kiongozi akaniandikia kwamba nabaki. Mchezo uliofuata nikawaambia watazamaji wote kuwa mwalimu wangu ni fundi cherehani, kisha nikageuza shingo.

"Asante, mama. Asante kwa kila kitu."

Hakuinua macho kwenye sindano, lakini masikio yake yalikuwa kwenye mchezo wangu.

"Nyuma yako," akasema.