Ukuta wa Belyse

Kabla ya ukuta kuja, Jumamosi zilikuwa zangu.

Nafanya kazi Masoro, katika ghala ambalo zamani lilihifadhi saruji na sasa ni uwanja wa watoto kurukaruka. Trampolini zimepangwa sakafu nzima kama vigae, za bluu na za njano. Chuoni nilisomea ualimu wa watoto wadogo, nikafaulu vizuri, kisha nikagundua kwamba mwalimu hulazimika kuongea na wazazi pia. Mbele ya watu wazima sauti yangu hujificha mahali nisipopajua. Benon, mwenye uwanja, hakuniuliza mambo mengi. Alinipa watoto wa Jumamosi, na kwa watoto sijawahi kukosa neno.

Trampolini za bluu zilikuwa ziwa, za njano visiwa, na mimi kiboko mwenye njaa. Nilikuwa nalala katikati ya ziwa nikikoroma, wao wakiniruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na mtoto mmoja lazima apige kelele, “Tantine Alida, nile mimi kwanza!” Shami ndiye aliyependa kuliwa kuliko wote. Ana miaka sita, na kila alipofika alikuja kukaa mapajani mwangu nimvishe soksi, ingawa kuvaa mwenyewe anajua.

Kisha Benon akasafiri, akarudi na ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwepo siku zote, mweupe, mwishoni mwa ghala. Alichokuja nacho ni projekta ya kufunga darini, kamera, na Belyse. Belyse alikulia Kampala, akapelekwa nje kufundishwa mtambo ule, na alikuja nao kama dereva anavyokuja na lori lake. Alikuwa na maikrofoni ndogo ya kuvaa kichwani na kicheko kilichojaza ghala hata bila maikrofoni hiyo. Mtoto akiruka mbele ya kamera, alijiona ukutani akiruka juu ya mawingu. Akinyoosha mkono, nyota ilipasuka na alama zikapanda. Akishinda, ukuta ulitamka jina lake.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimeshalala ziwani, macho nimefumba, nakoroma. Nikasikia miguu ikinipita. Nilipofumbua macho, visiwa vyote vilikuwa vitupu. Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya ukuta wakisukumana, Shami mbele kabisa, soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

“Kiboko, amka,” Libère aliniambia. Yeye ni msimamizi wa usalama, alikulia Bujumbura, na hana dogo. “Hii ukuta iko inakuibia watoto, sha.”

“Hainiibii. Ni kitu kipya tu.”

“Uko na wivu.”

“Sina.”

“Uko nao mpaka kwa masikio. Angalia, iko nyekundu!”

Nilikuwa nao. Wivu ulinifuata kwenye basi la Kabuga, ukala nami chakula cha jioni. Nilitafuta kasoro za Belyse kama mtu anayechambua mchele. Aliwaita watoto wote “champion” kwa sababu hakujua hata jina moja. Alitafuna chingamu. Kiatu chake kimoja kililia alipotembea. Nilizikusanya kasoro hizo zote na bado watoto walimkimbilia, na nywele zake bado zilikuwa nzuri.

Asubuhi moja nilifika mapema, nikawasha mtambo kama nilivyomwona Belyse akifanya, nikaruka. Pale ukutani nilikuwa mwepesi, nikapita juu ya mawingu, nikapasua nyota hadi nikaanza kucheka peke yangu. Ukuta ukaniita mshindi. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Kama ungekuwa kitu kibaya ningejua la kufanya.

Wiki ile Benon alituita sote watatu.

“Jumamosi ijayo ni uzinduzi,” alisema. “Baada ya umuganda wazazi wanakuja wote. Nikiona mambo yanavyokwenda, nitachagua mmoja wa kubaki na watoto Jumamosi. Mwingine atahamia mezani pale mlangoni, kugawa soksi.”

“Si tunaweza kuwa wawili?” Belyse aliuliza.

“Ukuta unafanya kazi ya mtu mmoja. Siwezi kuwa na watu watatu pale.”

Aliuhesabu ukuta kama mtu. Mimi nilitaka kusema kitu, nikatazama viatu vyangu.

Siku ya uzinduzi wazazi walifika na udongo wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, bado kwenye viatu, wakaketi kwenye viti vya plastiki Benon alivyokodi. Belyse alisimama kwenye jukwaa dogo la mbao kando ya ukuta, maikrofoni kichwani, tableti mkononi.

“Karibuni sana! Leo tunacheza kwa familia! Kila familia itapata mtumbwi wake ukutani na rangi yake. Ukiona mtumbwi wa wenzako, upige kwa nyota uzame!”

Wazazi walipiga makofi. Majina ya watoto yalikuwa yameandikwa mlangoni walipoingia, na mtambo wenyewe ulijua kuyapanga. Ulichukua jina la pili la kila mtoto ukidhani ni jina la ukoo, na waliofanana ukawafanya ndugu. Kule ulikotengenezwa, huenda hiyo ni akili nzuri. Lakini huku kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe siku anapozaliwa. Baba ana lake, mama ana lake, na watoto wa tumbo moja kila mmoja na lake.

“Familia ya Ishimwe!” ukuta ulitangaza, na watoto saba wasiojuana wakang’aa kijani ndani ya mtumbwi mmoja.

Mama mmoja akasimama. “Jamani! Mimi wa kwangu ni mmoja. Hawa sita nimewazaa lini?”

“Hongera, mwenzangu!” jirani yake akamjibu. “Na wote wamefanana na baba!”

Ghala zima likacheka. Belyse naye alicheka kidogo, akibonyeza tableti. Mitumbwi ikazidi kuongezeka, karibu kila mtoto na wake. Arthur Kagabo alikuwa mwekundu. Dada yake, Natacha Shami, yule Shami wangu, alikuwa peke yake kwenye mtumbwi wa zambarau, na ukuta ulikuwa unamwambia ampige Arthur azame.

“Sitaki!” Shami alilia. “Sitaki kumzamisha Arthur!”

“Ni mchezo tu, champion,” Belyse alisema kwenye maikrofoni.

“Siitwi champion!”

Kilio cha mtoto mmoja uwanjani ni kama mvua ya Aprili, hakianguki mahali pamoja. Wengine wakaanza. Mama yake Shami na Arthur, Mukashema, aliinuka akitafuta pa kuvulia viatu amfuate mwanawe. Benon alikuwa anajifuta jasho shingoni.

Libère alisogea hadi chini ya jukwaa. “Belyse, sha, wewe na dada yako mko na jina moja?”

“Hapana, yeye ni…” Akaweka mkono mdomoni. “Mungu wangu. Kule waliponifundisha ilikuwa inafanya kazi!”

Mimi nilikuwa nimesimama kando, na nilifurahi. Furaha ilinipanda puani kama soda. Nilimtazama akihangaika mbele ya watu wote wale, kiatu chake kikilia huku na huku, nikawaza: sasa Benon ameona.

Lakini Shami alikuwa amekaa katikati ya trampolini, amejifunika uso kwa mikono yote miwili, na ukuta ulikuwa bado unamhimiza kwa sauti ya furaha.

“Naweza kuwapanga kwa mkono,” Belyse aliniambia nilipofika jukwaani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. “Ila sijui nani ni wa nani. Alida, wewe unajua?”

Nilijua. Alivua maikrofoni, akanivalisha mwenyewe, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili kwenye tableti. “Wewe sema, mimi nitabonyeza.”

Sikuwatazama wazazi. Niliwatazama watoto tu.

“Shami, mtafute Arthur, mshikane mikono. Ninyi ni wekundu. Ishimwe mwenye pengo, nenda kwa kaka yako Rwema, njano. Ishimwe wa Gahanga, wewe na pacha wako, bluu. Hapana, huyo si pacha wako, pacha wako anajificha nyuma ya Libère. Toka huko, nimekuona.”

Wakaanza kucheka. Mtumbwi mmoja baada ya mwingine ukajaa ndugu wa kweli. Shami alifuta kamasi kwa mkono wa Arthur, akaruka, na mchezo ukaanza upya kwa kelele za kuezua paa. Wazazi walikuwa wamesimama juu ya viti vya Benon wakishangilia mitumbwi yao.

Benon alikuja akiwa ametanua mikono. “Alida! Umetuokoa. Kumbe unawajua wote na wazazi wao!”

“Ndiyo, bosi.”

“Basi nimeona mahali pako. Mlangoni. Utawapokea, utawaandika vizuri, utawapa soksi. Hakuna mwingine anayeweza. Belyse atabaki na Jumamosi.”

Nilihisi trampolini zote zimelegea chini yangu, ingawa nilikuwa nimesimama kwenye mbao. Nilikuwa nimempa sababu ya kuniondoa, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitazama viatu vyangu. Safari hii havikunisaidia.

“Hapana,” nilisema.

Neno lile lilitoka kwenye spika nne. Lilizunguka ghala zima likarudi. Nilijua kwamba maikrofoni ilikuwa bado kichwani mwangu, na nilijua kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza kwa soksi maisha yangu yote.

“Sitaki soksi,” nikaendelea, sauti ikitetemeka juu ya vichwa vya watu. “Nataka watoto. Nimekaa nao kabla ya ukuta. Nataka Jumamosi yangu.”

Watoto waliacha kuruka. Waligeuka, wote, wakaupa ukuta migongo, na mitumbwi nyuma yao ikaelea bila mtu.

“Benon,” alisema bibi yake Rwema, mzee Mukarugwiza, kutoka safu ya mbele, “umesikia, au arudie?”

“Nimesikia, mama.”

“Maana sisi huku tumesikia vizuri sana.”

Watu wakacheka. Benon alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mtu wa kubishana na wateja wake mbele ya wateja wake. “Haya. Jumamosi ni ya Alida, pamoja na ukuta. Belyse atakuwa na siku nyingine, na atamfundisha mtambo.”

Shami alipanda jukwaani na soksi zake, akanikumbatia mguu. Wengine wakamfuata. Juu ya vichwa vyao nilimwona Belyse. Alikuwa anatabasamu kwa midomo, na macho yake yalipita kwa watoto mmoja mmoja kana kwamba anawahesabia mtu mwingine. Uso ule niliufahamu. Nilikuwa nimeuvaa tangu alipokuja.

Nilipomrudishia maikrofoni, hakuivaa.

“Yule mdogo wa sweta ya kijani,” aliniuliza polepole, “anayekuja hata siku za kazi, mama yake akitoka dukani. Anaitwa nani?”

Jina lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalishikilia. Hata baada ya kushinda nililishikilia kidogo, kama mtoto anayeficha pipi shavuni.

“Ismaël,” nilisema mwishowe. “Anapenda uiname kwanza, ndipo umwite.”

Belyse alishuka, akainama karibu na mtoto, akamwita. Ismaël aligeuka, akamwangalia usoni, akacheka kwa meno yote. Nikaumia tena.