Ng'ombe wa Bwana Mkubwa

Mwalimu Kassimu alikuwa mtu wa Kilwa, na watu wa Kilwa wana elimu ya kila kitu isipokuwa ng'ombe. Wadachi walimleta Songea awafundishe vijana wa Kingoni kusoma na kuhesabu. Alifundisha vizuri, sina ugomvi naye hapo. Balaa lilianza mwaka ule zilipofika habari kwamba huko Umatumbi watu wamekunywa maji ya dawa na wanachoma mali ya Mdachi. Bwana mkubwa wa boma akaamuru shule itiwe mlango wa mbao nene na komeo la chuma. Mbiu ya hatari ikilia, wanafunzi wote wakimbilie ndani na kujifungia. Jumamosi angekuja kujionea mwenyewe, na wakishindwa, mwalimu angelazwa chini apate hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya watu.

Kassimu alimfahamu mtu aliyewahi kupata hamsa ishirini. Mtu huyo alikula kwa kusimama mwezi mzima. Basi mwalimu aliogopa, na mimi simcheki kwa hilo.

Siku ya kwanza ya mazoezi vijana walikuwa wakilima bustani ya shule. Kassimu akapuliza mbiu. Wakatupa majembe, wakaipita shule kana kwamba haipo, wakafungua zizi la boma na kuwaswaga ng'ombe wa bwana mkubwa mpaka kichakani. Huko wakajificha vizuri sana.

Walipopatikana, Kassimu aliwatukana kwa Kiswahili cha pwani, ambacho matusi yake yana vina. Mkubwa wao, Bartolomeo, aliyekuwa na ndevu tayari na mke kule Mpitimbi, akamweleza kwa adabu. Kwao hatari ikija, kwanza ng'ombe. Nyumba ya nyasi ndiyo mahali pa kuchomewa, hata mtoto anayenyonya anajua.

"Nyumba tutajenga nyingine, mwalimu," alisema. "Ng'ombe tutamjenga na nini?"

Kassimu akapuliza tena kesho yake, na keshokutwa. Aliwaomba, akawatisha, akawaahidi miwa. Midomo ilisema ndiyo mwalimu, miguu ikaenda zizini. Kufika Ijumaa, ng'ombe wenyewe wakisikia mbiu walitangulia.

Hapo ndipo akili ya Kilwa ilipofanya kazi. Jumamosi asubuhi, bwana mkubwa akiwa bado anakunywa kahawa, Kassimu alimpa mchungaji tumbaku, wakawaingiza ng'ombe wote darasani.

Bwana mkubwa akaja juu ya nyumbu wake, askari nyuma. Mbiu ikalia. Vijana wakakimbilia zizini, wakakuta patupu, wakasikia ng'ombe wakilia kutoka shuleni. Wakamiminika ndani, komeo likaanguka. Mdachi alifurahi mno, akampa Kassimu mkono. Kisha akasema anataka kuona na ndani.

Mlango ukafunguliwa. Ng'ombe wa madoa, yule wa maziwa ya kahawa, alikuwa anatafuna taratibu picha ya Kaisari, mfalme wa Wadachi. Alikuwa amefika kwenye masharubu. Bartolomeo alikuwa anakagua dari.

"Ng'ombe wangu wanafanya nini humu?"

Mgongo wa Kassimu ukaanza kuwasha kabla ya kuguswa. "Bwana mkubwa, adui akija ataanza na mali yako. Tumemuwahi."

Mdachi akatazama kuta, akagonga mlango, akalipima komeo kwa mkono. Akasema Songea nzima hakuna mahali salama kama hapa, na kwa hiyo kuanzia leo ng'ombe watakaa humu. Alipoulizwa kuhusu wanafunzi alifikiri kidogo, akajibu kwamba zizi liko wazi na lina nafasi.

Kassimu akasema alhamdulillahi, na alimaanisha. Alicheka peke yake njia nzima kwa furaha ya mgongo mzima.

Jumatatu alisimama zizini, kanzu imepandishwa magotini, mavi yamemfika vifundoni, akifundisha a, e, i. Bartolomeo akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mbiu ya kweli ikilia, ng'ombe wako salama. Sisi tukimbilie wapi?"

Kassimu akatazama ua wa miiba, kisha ule mlango wa shule, uliofungwa sasa kwa nje na askari kasimama mbele yake. Furaha yote ikamtoka.

"Porini," alisema polepole. "Njia mnaijua nyinyi. Mimi mnishike mkono."