Mutoto wa Jina Yangu

Bantu banafikiri kuzeeka muzuri ni bahati. Aka! Mi nilitayarisha uzee yangu tangu ujana.

Nilizaliwa hapa Kolwezi, pale Musonoi. Baba alitoka Kasai kuya kutumika mu mine, kuchimba shaba, na hapa njo tulimuzika. Nililima shamba yangu kwa mukono, hata kisha bwana yangu kufa. Siku ya Mungu niliimba mu kwaya, tena kwa nguvu. Magoti yangu iko muzima mpaka leo. Lakini muzee mwenye hana bantu anaisha mbio, na Mungu hakunipa mutoto.

Njo maana, Henriette jirani yangu alipozaa binti na kumupatia jina yangu, Bilonda, nililia kwa furaha. Kwetu, mutoto wa jina yako ni weye mwenyewe. Nilimubeba mugongoni, nikamufundisha kulima na kuimba. Hakuniita mama, aliniita "majina", sawa bantu ya jina moja banavyoitana. Henriette alikuwa anacheka: "Usiogope uzee, dada. Bilonda mudogo njo atakupikia bukari."

Kisha, mu mwaka wa 1992, mambo ikaharibika. Kazi ya mine inaanguka, na bakubwa ya politike banasema bantu ya Kasai njo banakula kazi ya bengine, barudi kwabo. Bijana bakaanza kuvunja milango. Kwetu wapi? Kasai mi sijaiona hata siku moja!

Nikakimbia kwa Henriette. Chumba yake ya nyuma ilikuwa wazi. "Dada, unifiche mpaka hasira ipoe. Nitaikala na majina yangu."

Hakunipatia hata kiti. Aliingia ndani, akatoka na kitenge chenye nilimufunika mutoto siku ya kumupa jina. Kilikuwa kimekunjwa muzuri.

"Chukua, Bilonda. Jina tunakurudishia. Tangu juzi mutoto anaitwa Mignonne. Na jina ya Kasai mu nyumba, batatuchoma."

"Jina hairudishwe, Henriette! Nani alikufundisha kukosa haya vile?"

"Sema polepole, banasikia."

Henriette nilimuelewa. Woga ni woga. Lakini binti mwenyewe alikuwa anasimama pa mulango, mukubwa sasa, unga ku mikono. Nikamugeukia yeye.

"Na weye, majina? Unakubali?"

Hakuniangalia mu macho.

"Mama," akasema, sawa anaongea na mwanamuke yoyote wa soko. "Mama, wende. Banakuya."

Akaingia, akafunga mulango. Nikasikia anasukuma kabati ku mulango.