Jumapili ya Kumpumzisha Mchungaji Kyalo

Kanisa la Baptisti pale Mjambere lilimpa Kafedha kazi moja tu: kumpumzisha Mchungaji Kyalo. Ni kosa kumpa Kafedha kazi ndogo, maana mikononi mwake hufura kama hamri kwenye mafuta.

Kyalo alikuwa mchungaji wa hospitali. Wenzake huhubiri wakapigiwa makofi. Yeye huketi kando ya vitanda akasikiliza. Alisikiliza mpaka masikio yakachoka, akatangaza kwamba mwezi ukiisha anarudi kwao Makueni kufuga mbuzi. Alipoulizwa kwa nini mbuzi, alisema mbuzi hawana ushuhuda.

Habari hiyo ilimchoma Kafedha. Mwanawe Chengo alipolazwa, watu wote walimwambia asilie. Kyalo peke yake ndiye aliyeketi naye kwenye benchi la wodi, kimya, mpaka Kafedha akalia akamaliza. Mtu kama huyo humwachi hivi hivi akaenda kuishi na mbuzi.

Basi Jumapili baada ya ibada, kundi zima likateremka hadi nyumbani kwa Kyalo, Frere Town, na sufuria za wali wa nazi na kuku wa kupaka. Njiani Kafedha aliweka sheria.

"Leo mchungaji haombwi kitu. Mmenisikia? Kitu chochote!"

"Tumesikia, Mama Chengo," wakaitikia.

Walipoketi tu, Odhiambo, fundi wa mitambo bandarini, akafumba macho kwa heshima na kusema, "Pasta, tufungulie kwa maombi."

Kwani angeomba nani? Katika kanisa lile, mchungaji akiwa ndani ya nyumba, muumini wa kawaida hathubutu kusema hata amina ya kwanza. Kyalo akasimama, akaomba. Chakula kilipopakuliwa, Pascalia mkewe Odhiambo akamtaka akibariki. Akasimama tena. Kabla hajatia tonge mdomoni, mwingine akaomba neno fupi tu la kuwatia nguvu. Akasimama mara ya tatu, na wali ukapoa.

Kafedha alipotoka jikoni, alimkuta Kyalo barazani ameinamisha kichwa, Odhiambo akimweleza habari za mama mkwe aliyekuja kutembea na kitanda chake. Nyuma ya Odhiambo alisubiri Pascalia, tayari kutoa maelezo ya upande wa pili. Nyuma ya Pascalia alisimama jirani mmoja asiyejulikana na mtu, aliyesikia kwamba leo mchungaji ana nafasi.

"Wallahi!" Kafedha akaapa mbele ya Wabaptisti wote, mwiko mkononi. "Tawanyikeni! Mama mkwe na kitanda chake wangoje Jumatatu!"

Wakatawanyika. Kafedha akavuta kiti, akamwomba mchungaji radhi. Akamweleza alivyohangaika kuandaa siku hii, alivyokuna nazi peke yake, wanawake wenzake walivyomsusia, na mgongo wake nao tangu Ijumaa. Kyalo akasogea mbele kidogo na kuuliza kwa sauti yake ya wodini, "Na moyo wako ulisemaje, Mama Chengo?"

Kafedha akajibu! Alijibu kwa kirefu, na alikuwa ameshaanza kutokwa na machozi alipogutuka. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

"Na wewe je, mchungaji," akauliza polepole, "moyo wako wasemaje?"

Kyalo alicheka. Kisha kicheko kikamkatikia.

"Juzi nilizika mtoto asubuhi," akasema. "Mchana nikafungisha ndoa. Wenye harusi wakanilalamikia kwamba sina uchangamfu."

Kafedha alikuwa na mistari ya Biblia kumi na moja ya jambo hilo, yote imejipanga kwenye ulimi. Akaimeza yote. Odhiambo naye, aliyekuwa amerudi mlangoni na mkewe, alipofungua kinywa, Pascalia akamkanyaga mguu. Kyalo akalia, na hakuna aliyemwambia asilie.

Alipomaliza akapangusa uso kwa leso ya Kafedha. "Tena hao mbuzi," akasema, "nawaogopa." Akaegemea kiti chake, na papo hapo akakoroma.

Simu yake ikalia mezani. Kafedha akaidaka kabla haijamwamsha.

"Mchungaji amelala," akanong'ona.

Muuguzi akasema kuna mzee wodini amekataa dawa mpaka apate mtu wa kuzungumza naye.

"Ataka kuzungumza, au kuhubiriwa?"

"Kuzungumza, mama. Tangu jana."

Kafedha akaifunika sahani ya mchungaji, akajitanda leso ya pili, akamwita Odhiambo.

"Twende hospitali. Kazi yenyewe ni kunyamaza."

Odhiambo akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe, Mama Chengo? Unyamaze?"

"Vaa viatu vizito," Kafedha akasema, akivua ndara za jikoni na kuvaa raba alizokuja nazo. "Ukiniona nafungua mdomo, nikanyage."